Orodha ya Mwaka wa Themanini na Nane

Masista hawatupi kitu. Hilo Bibiane alilijua tangu ana miaka kumi na mitatu, kule Likasi, alipokuwa akimwona Sista Godelieve anahesabu vijiko vya bweni kila Jumamosi na kuandika idadi yake kwenye daftari. Ila hakuwahi kufikiria kwamba masista walewale, walioondoka Kongo mwaka 1991 kila mmoja na sanduku lake moja, walikuwa wamejaza masanduku hayo karatasi badala ya nguo.

Sasa karatasi zenyewe zilikuwa mapajani mwake, ndani ya boksi la ndizi lililofungwa kwa kamba, na metro ya mstari wa tano ilikuwa inampeleka nazo Anderlecht, huko Ubelgiji. Ilikuwa mwanzo wa Septemba 2013. Sista Godelieve, miaka themanini na minane, masikio mabovu lakini kichwa kizima, alikuwa amemkabidhi boksi hilo asubuhi ile katika nyumba ya watawa wazee. Aligonga kifuniko kwa kidole akasema kwa Kiswahili chake cha zamani, "Yote iko ndani. Hata matokeo ya mitihani ya serikali. Miaka yote."

Bibiane alicheka, akashukuru, akaaga vizuri. Alipofika kwenye ngazi alikaa chini kwanza, boksi mapajani.

Ukimwona barabarani usingedhani ana siri. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, muuguzi katika nyumba ya wazee huko Berchem-Sainte-Agathe, mke wa Hilaire anayeendesha basi, na katibu wa chama cha wasichana waliosoma sekondari ya Lise Mapambazuko. Wasichana, ndivyo walivyojiita, ingawa mdogo wao alikwisha kupita arobaini na ngazi za metro zilikuwa zinamshinda. Shule yenyewe ilikuwa imefungwa miaka ishirini na zaidi. Lakini mwaka huu ingetimiza miaka hamsini tangu ifunguliwe, na mwenyekiti, Maman Lucienne, alikuwa ameamua kwamba shule iliyokufa nayo inastahili sherehe.

Walikuwa wanane siku hiyo nyumbani kwa Lucienne, wamebanana kwenye makochi mbele ya chai na maandazi. Boksi liliwekwa mezani, wakalipigia vigelegele kabla hata halijafunguliwa.

"Bon," alisema Lucienne, akiwa amesimama, kwa Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa, ambacho 'ndiye' na 'ndiyo' ni 'njo'. Lucienne hakujua kuendesha kikao akiwa amekaa. "Histoire ya lycée, Bibiane njo ataandika. Yeye njo anajua bintu bya kuandika. Page makumi mbili, na bapicha. Sasa ku fête yenyewe, miye niko na idée. Tutafanya proclamation."

Wanawake walipiga kelele za furaha, na Bibiane akaweka kikombe chake mezani.

Proclamation ni kutangaza matokeo, na Kongo matokeo ya mtihani wa serikali hayasomwi kimyakimya. Miaka ile yalitangazwa redioni, shule kwa shule, jina na asilimia, na nyumba nzima ilikusanyika kuizunguka redio huku mtu mmoja ameshika kopo la poda, ile ya kupaka watoto. Jina likitajwa tu, kopo linamwagwa lote kichwani mwa aliyefaulu. Siku nzima atazunguka mtaani amekuwa mweupe, na kila anayemwona anajua. Asiyesikia jina lake hana haja ya kuambiwa kitu.

"Tutasoma liste zote," Lucienne aliendelea, akipigapiga boksi. "Mwaka ku mwaka, jina, na numéro, na fasi ulizaliwa, na pourcentage. Kila mwenye kuitwa anasimama, tunamumwangia poudre. Sista atakuwa pale, anaona."

"Na siye benye hatukupataka diploma?" iliuliza sauti kutoka pembeni. Alikuwa Rolande, aliyekaa kwenye kiti kidogo cha jikoni kwa sababu alichelewa. Rolande alikuwa anasafisha maduka ya barabara ya Chaussée d'Ixelles kabla hayajafunguliwa, halafu ofisi jioni, na katikati alikuwa analala akipata nafasi.

"Nyiye mutashika bakopo ya poudre," alisema Lucienne. Hakuwa na nia mbaya. Wote walicheka, na Rolande akacheka kuliko wote.

"Basi ndoyi wangu njo nitamumwangia miye," akasema, akimtazama Bibiane kwa macho ya upendo kabisa. "Mutu mwingine asimuguse."

Ndoyi ni mtu mwenye jina moja nawe. Na hapo ndipo lilipokuwa tatizo lote la Bibiane, tangu akiwa msichana wa sketi ya bluu hadi siku hiyo.

Walipoingia Mapambazuko, serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya Kikristo. Mapadri walibatiza kwa sauti ya chini, na kwenye daftari za shule aliandikwa mtu kwa majina ya mababu peke yake. Kwa hiyo Bibiane, binti wa Likasi, aliandikwa Mwadi Nday. Na Rolande, binti wa Kambove, ambaye hakuwa na udugu wowote naye, naye aliandikwa Mwadi Nday. Darasa moja, mwaka mmoja. Walimu walihangaika juma zima, halafu wakaamua kuwaita kwa sehemu walizokaa: Mwadi wa Dirisha na Mwadi wa Mlango. Bibiane alikuwa wa Dirisha. Rolande wa Mlango alikuwa na akili zaidi, hasa ya hesabu na kemia, na mwaka wa mwisho alimfundisha mwenzake kila jioni nyuma ya jiko, kwa kuandika mavumbini na kijiti.

Mwezi wa nane mwaka 1988 redio ilisoma orodha ya Mapambazuko. Ilisema Mwadi Nday, hamsini na sita kwa mia. Ilisema mara moja, ikapita kwa jina lililofuata. Baba yake Bibiane hakungoja sentensi iishe. Alimwaga kopo zima, akamwaga na la pili lililokuwa la mdogo wake Bibiane aliyekuwa mchanga.

Siku mbili baadaye Rolande aliteremka kutoka kwenye lori la Kambove, akaingia uani kwa kina Bibiane, na Bibiane akaona, kwenye mizizi ya misuko yake, weupe ambao maji hayakuutoa wote. Huko nako walikuwa wamesikia. Huko nako walikuwa wamemwaga.

Jina lilikuwa moja, na vichwa vyenye poda viwili. Rolande hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alisema twende shuleni, orodha imebandikwa kwenye geti, pale kuna namba, tutajua ni nani. Namba ya Bibiane iliishia na kumi na saba, ya Rolande kumi na nane. Kutoka pale uani hadi kwenye geti ilikuwa mwendo wa dakika kumi.

"Nimeshaenda," Bibiane alisema. Hakuwa ameenda. Maneno yalitoka yenyewe, na yalipotoka akayafuatisha mengine. "Nimeangalia. Jina ni moja tu. Ni kumi na saba."

Rolande alimtazama, akaamini. Kwa nini asiamini? Alikwenda bombani akaosha kichwa chake hadi maji yakatoka safi, akanywa kikombe kimoja, akampongeza, akarudi kulisubiri lori. Mwezi wa kumi aliozwa kwa mtu aliyekuwa na duka la mafuta ya taa.

Na Bibiane hakuenda kwenye geti. Hata kesho yake hakwenda, wala juma lililofuata. Barabara ya shule aliikwepa mpaka mvua zilipoanza na karatasi zikaoza. Cheti cha muda alikwenda kuchukua baba yake. Kilisema Mwadi Nday tu, bila namba wala mahali pa kuzaliwa, na kwa cheti hicho alisoma uuguzi Lubumbashi, na kwa uuguzi huo akapata kibali Ubelgiji, na kazi, na nyumba. Kwa miaka ishirini na mitano hakujua kama hamsini na sita ile ilikuwa yake au ya Mwadi wa Mlango. Alikuwa anaosha wazee, anawapa dawa, anapata sifa kwa mkubwa wake wa kazi, na ndani anajiuliza kama anaishi maisha ya mtu anayedeki maduka saa kumi na moja alfajiri.

Basi alibeba boksi kwenda nalo nyumbani. Angefanya nini? Lucienne alikwisha kusema.

Kazi ya asubuhi iliisha saa nane. Saa tisa alikuwa ameshakaa mezani nyumbani kwake, hukohuko Berchem-Sainte-Agathe, dirisha linatazama maghorofa mengine, na historia inaandikwa. Na aliandika vizuri, tumpe haki yake. Aliandika jinsi masista watatu walivyofungua shule mwaka 1963 kwa wasichana kumi na wanane na bati za kuazima kwa kampuni ya migodi. Jinsi wazazi walivyocheka kwamba msichana atajifunza Kilatini, halafu wakaja na mikeka kulala nje ya ofisi ili binti zao wapate nafasi. Aliandika mwaka 1972, jina la mtakatifu lilipofutwa ukutani na fundi akaandika Mapambazuko, rangi ikiwa haijakauka vizuri, herufi ya mwisho ikatiririka na kubaki hivyo miaka yote. Aliandika maharagwe ya Ijumaa. Aliandika kengele iliyotengenezwa kwa kipande cha reli, na bustani ambako waliochelewa kuamka walilima hadi jua likawaka. Aliandika shule kuchukuliwa na serikali na kurudishwa kwa masista miaka mitatu baadaye ikiwa haina madawati wala vioo. Halafu mwaka 1991, wanajeshi na raia wakibeba kila kinachobebeka, mpaka vitasa vya milango, na jengo likawa ghala la unga, kisha mahakama, kisha chuo cha mtu binafsi ambacho hakina habari hata ya jina la kwanza.

Kila mwaka alitoa kwenye boksi bahasha yake, akaisoma, akairudisha. Bahasha ya matokeo ilikuwa chini kabisa, ya rangi ya kahawia, imefungwa kwa utepe. Hiyo hakuigusa.

"Hii histoire yako inaruka," Hilaire alimwambia siku moja, akiwa amesimama nyuma yake na sahani ya wali. "Quatre-vingt-sept, halafu quatre-vingt-neuf. Themanini na nane iko wapi? Ule mwaka wenu uliibiwa?"

"Sijaufikia."

"Umeufikia na umeupita, maman. Miye naonaka arrêt ya bus ikirukwa. Njo kazi yangu."

Alicheka peke yake akaenda kula. Bibiane alikuwa ameacha kula vizuri tangu juma la pili. Kazini alimpa mzee mmoja kidonge cha jirani yake, akagundua kabla hakijafika mdomoni. Akimwona Rolande kwenye ibada ya Jumapili alijificha nyuma ya watu warefu. Rolande alimtafuta mwenyewe, akamkumbatia, akamwonyesha kwenye mkoba wake kopo jipya la poda alilokwisha kununua.

Siku tano kabla ya sherehe Bibiane alitia ile bahasha ya kahawia kwenye mfuko wake wa kazi. Katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazee, karibu na mashuka machafu, kulikuwa na mashine ya kukatakata karatasi, kwa ajili ya mafaili ya wagonjwa waliokwisha kufariki. Mpango ulikuwa rahisi. Atatoa karatasi ya mwaka 1988 bila kuisoma, ataitia mdomoni mwa mashine, atasema masista walipoteza moja. Vita ilipita kule. Nani angeuliza?

Lakini mwenye kutaka kuharibu karatasi moja kati ya ishirini lazima kwanza aitafute. Alifungua utepe. Akaanza kuzipindua, akitazama mwaka uliopigwa taipu juu tu, macho ameyabana nusu. Themanini na tano. Themanini na sita. Themanini na nane ikafika, na macho hayakumsikiliza, yakateremka.

Kumi na saba. Mwadi Nday, amezaliwa Likasi. Hamsini na sita kwa mia.

Alikaa juu ya kikapu cha mashuka. Alicheka kwa sauti, akajiziba mdomo, akacheka tena hadi machozi. Ilikuwa yake! Tangu siku ile ilikuwa yake, na cheti chake, na kazi yake, na kila asubuhi aliyoamka akiwa na hofu ilikuwa ya bure. Alitaka kumpigia mtu simu. Alitaka kumpigia baba yake, aliyekuwa amekwisha kufa. Akaisoma tena ili afurahi tena, na safari hii macho yalipitiliza mstari mmoja chini.

Kumi na nane. Mwadi Nday, amezaliwa Kambove. Sitini na moja kwa mia.

Hakuelewa mara moja. Alidhani anasoma mstari uleule mara mbili, na ndipo akaelewa kabisa, maana ndivyo alivyodhani na yule mtangazaji. Majina mawili sawa, moja juu ya jingine: bila shaka alijua makarani walivyo wazembe, akaona wamerudia, akalisoma moja akaenda zake. Pale redioni hakukuwa na namba wala mahali pa kuzaliwa. Kwenye geti vilikuwepo. Karatasi kama hii, majina haya mawili yamefuatana, ilikuwa imepigwa misumari pale majuma kadhaa, dakika kumi kutoka bomba ambalo Rolande alioshea kichwa chake.

Mashine ilikuwa imewashwa, inanguruma. Bibiane aliizima, akarudisha karatasi kwenye bahasha, akarudi kwa wazee wake.

Jioni alimwambia Hilaire yote, na ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu. Hilaire alisikiliza kijiko kikiwa mkononi. Alikuwa mtu mwema na alifikiri kama mtu mwema anayetaka mke wake alale.

"Alors ni rahisi," alisema. "Unasoma majina yote mbili. Unasema radio njo ilikosea. Ni kweli, radio ilikosea! Atafurahi, batu batalia, weye njo umevumbua. Ile bintu ya portail, ile geti, ni miaka makumi mbili na tano, mutu hawezi kukumbuka."

"Na kama anakumbuka?"

"Hakumbuke. Miye sikumbuke hata nilikula nini jana."

Siku nne zilizobaki Bibiane aliishi kwa neno hilo. Hakumbuki. Alilisema kwenye basi, alilisema akikunja mashuka. Kuna dakika aliliamini kabisa. Halafu alikumbuka jinsi Rolande alivyokuwa akirudia kanuni za kemia baada ya kuzisikia mara moja, akaanza kulisema upya.

Ukumbi wa parokia kule Anderlecht ulijaa hadi milangoni. Kulikuwa na bukari, ule ugali wa kwao, samaki wa kukaanga na sombe ya majani ya muhogo iliyoanza kupikwa tangu jana yake. Wasichana wa Mapambazuko walikuwa wameshonesha sketi za bluu na blauzi nyeupe, na vifungo vilikuwa vinavumilia. Sista Godelieve aliletwa na kiti cha magurudumu akawekwa mbele, akawa anahesabu watu kwa midomo.

Bibiane alisoma historia. Walicheka kwenye maharagwe, wakanyamaza kwenye vitasa vya milango. Kisha Lucienne akatangaza proclamation, na waliokosa diploma wakasimama pembeni na makopo yao, Rolande akiwa wa kwanza kwenye mstari, mkono umeshalegeza kifuniko. Mwaka kwa mwaka majina yakaitwa. Lucienne mwenyewe alipoitwa alilia kama mtoto na kuharibu wanja wake. Vumbi jeupe lilijaa hewani, watu wakikohoa na kucheka.

Halafu mikononi mwa Bibiane ikabaki karatasi ya mwaka 1988. Majina ya kwanza aliyasoma bila kuyasikia.

"Numéro dix-sept. Mwadi Nday, Likasi. Cinquante-six pour cent."

"Njo huyu! Njo ndoyi wangu!" Rolande alikuja akicheza, nyonga zikiwa mbele, akammwagia kopo lote kichwani, hakubakiza. Alimbusu mashavu yote mawili. Poda iliingia machoni mwa Bibiane na puani, na harufu yake ilikuwa ileile ya uani kwao. Rolande aligeuka kurudi kwenye nafasi yake na kopo tupu.

"Rolande," alisema Bibiane kwenye kipaza sauti. "Usiende. Haiyaisha."

Watu wakadhani ni hotuba ya shukrani, wakaanza kupiga makofi. Alisoma juu ya makofi yao, haraka, kabla sauti haijakatika. "Numéro dix-huit. Mwadi Nday, Kambove. Soixante et un pour cent."

Makofi yaliendelea kidogo kwa mazoea, yakaisha. Lucienne ndiye aliyeelewa kwanza. Alipiga yowe, akanyakua kopo kwa mtu, na wengine wakamfuata, na kwa dakika nzima Rolande hakuonekana, palikuwa na mikono tu na wingu jeupe na wanawake wazima wakipiga vigelegele hadi Sista akaziba masikio yake mabovu. Walimbeba juu wakamshusha. Walimgeuza huku na huku. Rolande alikuwa anacheka na kulia na kusema "Ngojeni, ngojeni kwanza," na walipomwachia alibaki amesimama katikati, kichwa, nyusi na mabega meupe, akitafuta kitu kwa macho. Akampata Bibiane.

"Weye uliniambiaka ulienda ku portail," alisema.

Hakupaza sauti. Lakini kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwa Bibiane, na ukumbi wote ukasikia. Bibiane alimwona Hilaire mlangoni akitikisa kichwa taratibu, akimwomba aseme radio, aseme radio tu.

"Ulisema umeangalia," Rolande aliendelea. "Ulisema jina ni moja."

"Sikuendaka."

"Siku ile?"

"Siku ile, na siku zingine. Hata siku moja. Nilidhani ni moja, na nilidhani ni yako. Niliogopa. Ilikuwa uongo, Rolande."

Mtu mmoja alianza kusema kwamba Mungu ni mwema, akanyamazishwa. Rolande alijifuta uso kwa viganja viwili, polepole, kama alivyojiosha pale bombani, ila safari hii hakukuwa na maji na poda ilipakazwa tu na machozi.

"Leta karatasi," akasema.

"Nitakusomea tena, nitasoma yote..."

"Hapana. Usinisomee. Leta, nijionee miye mwenyewe."

Bibiane alimpa. Rolande alitoa miwani kwenye mkoba, akaipangusa kwa upindo wa sketi ya bluu, akaivaa. Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza kabisa, jina la msichana mwingine, akateremka mmoja mmoja bila kuruka, midomo ikicheza. Alipofika kumi na saba alisimama kidogo. Akashuka hadi kumi na nane. Poda ilidondoka kutoka kwenye nywele zake ikafunika maandishi. Aliipuliza, akasogeza karatasi karibu na macho, akausoma mstari ule upya tangu mwanzo.